Fundi wa Giaboksi wa Nyakato: Siku Kumi na Moja na Pikapu Yetu ya Mwaloni

Gereji ninayoieleza hapa ipo Nyakato, jijini Mwanza, ndani kidogo kutoka barabara kuu iendayo Musoma. Haina kibao, watu wa mialo (sehemu mitumbwi inaposhushia samaki) ya Igombe na Kayenze huelekezana tu "kwa fundi wa giaboksi". Nilipeleka huko pikapu yetu, Toyota Hilux ya dizeli yenye gia tano za mkono, ambayo hubeba dagaa na samaki wetu kutoka mwaloni hadi soko la Kirumba, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025 imekuwa ikipeleka mzigo Sengerema pia bila kungoja kivuko. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu katika miaka yote niliyomiliki gari la kazi, huyu ndiye fundi wa kwanza aliyetaka kujua gari linafanya kazi wapi kabla ya kuniambia ninunue nini.

Dalili zilianza kiasi cha miezi miwili kabla. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia iko huru, palisikika sauti ya kusaga kama ya jiwe la mtama. Dereva akikanyaga klachi sauti inakatika kabisa, akiachia inarudi. Fundi wa gereji bubu iliyo karibu na nyumbani alisikiliza kwa dakika mbili akasema ni klachi, akabadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi ya rilizi kwa shilingi 460,000 pamoja na ufundi, na sauti ikabaki palepale. Sasa ninajua kwamba gari lilikuwa linasema kinyume cha alichokisikia. Beringi ya rilizi hulia pale klachi inapokanyagwa, kwa kuwa ndipo inapobanwa na kubeba mzigo, ilhali sauti inayonyamaza kwa kukanyaga klachi hutoka ndani ya giaboksi yenyewe, kwenye shafti inayopokea nguvu ya injini au kwenye shafti ya chini inayozungushwa nayo, maana zote mbili husimama klachi inapoachanisha. Kosa hilo liligharimu karibu nusu milioni, na wiki tano za ziada za kuendesha giaboksi iliyokuwa inajila.

Siku ilipogoma kabisa tulikuwa tunarudi kutoka Sengerema. Tulipopita Usagara gia ya tatu ilianza kuruka yenyewe na kurudi huru, dereva akawa anaishikilia leva kwa mkono kila tunapopanda kilima, na tulipokaribia Buhongwa ukasikika mlio wa chuma kuvunjika. Baada ya hapo hakuna gia iliyokubali kuingia. Kaka yangu, ambaye giaboksi yake ilikuwa imetengenezwa Nyakato, alinipa namba ya fundi huyu, nami nikampigia nikimwambia kwamba nimeshapata lori la kutuvuta kwa mnyororo.

"Mama, msilivute hivyo hivyo," aliniambia. "Namtuma kijana aje afungue propela kwanza."

Kijana alifika kwa bodaboda baada ya dakika hamsini akiwa na spana tatu, akafungua propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, upande wa difu (gia za ekseli ya nyuma), akaichomoa kwenye giaboksi, akaziba tundu lililobaki kwa nailoni na raba ili oili isimwagike, ndipo tukavutwa kuvuka mji mzima. Sababu yake ni rahisi na nashangaa hakuna aliyewahi kuniambia. Gari la aina hii likivutwa likiwa na propela, magurudumu ya nyuma huizungusha shafti ya juu ya giaboksi, lakini kwa kuwa injini imezimwa ile shafti ya chini, ambayo ndiyo inayochota oili na kuirusha juu, haizunguki. Kwa hiyo vyuma vya juu husagana vikiwa vikavu kwa safari yote. Fundi ambaye kazi yake inaanza kulindwa kabla hata gari halijafika mlangoni kwake anastahili kusifiwa kwa hilo peke yake, na kijana yule hakunitoza zaidi ya nauli yake ya kwenda na kurudi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwapo alipofungua nati ya kumwagia oili. Aliweka chini dumu lililokatwa ubavu, na kilichotoka hakikuwa cheusi wala cha rangi ya asali. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, na povu jembamba pembeni. Alichovya vidole viwili, akavisugua, akaviinua juani mbele ya macho yangu, na chembe za chuma zikang'aa kwenye ngozi yake kama magamba ya dagaa. Nati yenyewe ina sumaku nchani, na badala ya ule ute wa kijivu ambao alisema ni wa kawaida kwa giaboksi yoyote inayofanya kazi, ilikuwa imenasa kipande cha jino la gia chenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Mama, gari hili huingia ziwani?"

Nilitaka kukataa, lakini dereva alikuwa karibu na aliinamisha kichwa. Ndiyo, huingia. Mitumbwi ikifika Igombe, dereva huirudisha pikapu kinyumenyume mpaka maji yafike katikati ya magurudumu, ili magunia yapite moja kwa moja kutoka kwenye mtumbwi hadi kwenye bodi bila kulipa wabebaji, na kazi ikishapungua gari huoshwa papo hapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyesifu utaratibu huo kwa kuokoa hela.

Fundi alitueleza bila kutukaripia. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia sehemu ya juu, kwa sababu hewa iliyomo ndani hutanuka inapopata joto. Gari likitoka safari ya kilomita kadhaa likiwa na mzigo, giaboksi huwa ya moto. Ukiitumbukiza ghafla katika maji ya ziwa, hewa ya ndani hupoa na kunywea, na giaboksi hunyonya chochote kilicho karibu nayo, nacho ni maji, kupitia tundu lile au kupitia sili ya nyuma pale propela inapoingilia. Maji hayo hayaui giaboksi siku hiyohiyo. Hukaa chini ya oili usiku gari linapolala, yakatia kutu kwenye gololi za beringi na njia zake, kutu ikawa vishimo, vishimo vikawa sauti ya kusaga, na beringi ikishalegea shafti huanza kucheza, meno ya gia hayakamatani kwa upana wake wote, na gia huruka. Alimuuliza dereva kama sauti ilikuwa inapungua kwenye gia ya nne, dereva akasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu katika giaboksi ya namna hii gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemeza shafti ya chini. Kabla hajafungua bolti hata moja alikuwa ameshataja beringi zilizokufa, na giaboksi ilipofunguliwa zilikuwa zilezile.

Mtu mwingine niliyemwonyesha tatizo alikuwa ameniambia ninunue giaboksi ya mtumba kwa shilingi 1,900,000, yenye garantii ya siku tatu. Fundi wa Nyakato hakuipinga njia hiyo moja kwa moja, na alikiri kwamba nyumba ya giaboksi ikipasuka au shafti zikiharibika, ya mtumba huwa nafuu. Alichosema ni kwamba giaboksi ya mtumba ingekufa vilevile ndani ya mwaka mmoja kama tungeendelea kuingia nayo ziwani. Gharama yetu ilikuwa hivi: beringi nne, sili mbili, gia ya tatu pamoja na sinkro zake za shaba (pete zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini), sinkro ya gia ya pili na oili, jumla shilingi 640,000, na ufundi 250,000. Beringi alizitoa na kuzirudisha kwa presi, si kwa nyundo na kipande cha bomba kama nilivyozoea kuona, na alinikataza kununua beringi kwa bei ya chini iliyonivutia dukani, kwani maandishi yaliyochongwa ubavuni yalikuwa yakifutika kwa kucha. Kuhusu oili alisimamia 75W-90 ya daraja la GL-4, akieleza kwamba GL-5 huwa na viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi, ambavyo vinaifaa difu lakini katika giaboksi vinaweza kuila shaba ya sinkro. Wauza oili wengi hapa mjini hutoa chupa yoyote iliyoandikwa oili ya gia, na mimi nimenunua hivyo kwa miaka.

Jambo la mwisho alilofanya ni dogo na ndilo ninalolithamini kuliko yote: alichukua mpira mwembamba unaohimili joto, akauunganisha kwenye tundu la kupumulia, akaupandisha hadi juu karibu na kichujio cha hewa cha injini, na kuufungia hapo, mdomo wake ukitazama chini. Ulinigharimu shilingi 8,000.

Sasa niseme yaliyonikera, kwa kuwa hayakuwa madogo. Aliahidi siku tano, zikawa kumi na moja, na kwa siku hizo nilikodi pikapu ya jirani kila mzigo ulipofika. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na gia ya tatu iliyoagizwa Dar es Salaam kwa kutuma picha ya simu. Ilipofika kwa basi idadi ya meno haikulingana, ikabidi irudishwe na kusubiriwa nyingine. Kosa hilo lingeepukika, kwa sababu magari ya Toyota yana bamba la utambulisho lililoandikwa aina ya giaboksi, na bamba letu linasomeka vizuri. Fundi mwenye umakini wa kiwango chake alipaswa kulisoma kabla ya kuagiza. Alikubali kosa na kulipa nauli ya mzigo wa pili, lakini siku zangu nne hazikurudi. Pia hakuniandikia makadirio ya gharama mpaka nilipoomba mara ya pili, na risiti niliyopata ni ya mkono. Mfanyabiashara anayehitaji kuonyesha matumizi yake kwenye hesabu za kodi ajue hilo mapema na alizungumze kabla kazi haijaanza. Eneo la kufungulia giaboksi lina turubai juu lakini chini ni udongo, na ingawa vyuma vilioshwa kwa dizeli na kulazwa juu ya meza safi, upepo wa mchana ulinitia wasiwasi.

Zile gia na beringi nzee nilirudishiwa zote kwenye mfuko bila kuomba. Beringi ya shafti ya chini nimeiweka nyumbani. Ukipitisha kidole kwenye njia ya gololi unahisi vishimo kama vya ukuta uliotafunwa na mchwa, na kila dereva mpya nitakayemwajiri ataishika kabla ya kupewa ufunguo.

Tumeshatembea miezi mitatu. Kwa agizo lake tulimwaga oili baada ya kilomita 1,000, ikatoka na rangi yake ya asali, na sumaku ilikuwa na ute wa kijivu tu. Gia ya tatu inaingia bila kulazimishwa, hata kwenye mwinuko wa Usagara gari likiwa na tani nzima. Gari halishuki tena majini: tunalipa wabebaji shilingi 500 kwa gunia, nalo linaegeshwa kwenye mchanga mkavu. Anayetaka kwenda kwake afike mwenyewe kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kuwa hafungui zaidi ya giaboksi tatu kwa wakati mmoja na simu haipokei akiwa chini ya gari. Na aende na dereva wake, kwa sababu maswali mengi atayauliza kwa dereva.