Themostati mbili za Massey Ferguson 375: ipi itaipasha joto injini yako msimu huu wa baridi?

Kamwene ndugu zangu, karibuni. Mezani nina themostati mbili, yaani kile kidude kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, zote za trekta ya Massey Ferguson 375, ile yenye injini ya Perkins ya silinda nne. Nimeichagua Juni kwa makusudi. Sasa hivi huku Njombe ukitoka alfajiri unakuta baridi kali imelala juu ya boneti, na ndio wakati trekta za kuvuta magogo na viazi zinaharibika kidogokidogo bila mwenyewe kujua.

Trekta nyingi mnazoziona barabarani hazina kabisa hiki kidude. Injini ikichemka mara moja, fundi anafungua kifuniko pale mpira wa juu wa rejeta unapoanzia, anaitoa, anakwambia hii imetengenezewa Ulaya, huku haina kazi. Mshale wa geji unashuka, mnaagana kwa furaha. Lakini rejeta iliyoziba au mkanda wa feni uliolegea, ambao ndio ulichemsha maji, bado uko palepale. Na mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku ni baridi, jamani.

Sogeza kamera. Ndani ya hiki kikopo kuna nta. Maji yakiwa baridi nta imeganda, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu. Yakikaribia nyuzi 82 nta inayeyuka, inatanuka, inausukuma mlango, ndipo maji yanakwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha. Kwa asubuhi ya nyuzi tano, na tela tupu, unaweza kuzunguka hadi saa nne injini haijapata joto lake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Dizeli haiwashwi kwa plagi kama petroli, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Silinda zikiwa baridi, sehemu ya mafuta haiungui. Mengine yanatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe unaowasha macho, mengine yanateremka kwenye kuta za silinda, yanaosha oili, yanapenya kwenye ringi hadi chini. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka dizeli, au ikiwa imepanda kupita alama bila wewe kuongeza, usifurahi kwamba injini yako haili oili. Oili hiyo imeshakuwa nyepesi, na ringi zinalika kila siku unayowasha.

Haya, majaribio. Sufuria ya maji, jiko, kipimajoto, na uzi. Uzi naubana kwenye mlango wa themostati, naining'iniza majini isiguse chini. Mlango ukifunguka, inadondoka yenyewe.

Hii ya kwanza, iliyokuja kwenye boksi lenye namba ya spea, mnaona 82 imegongwa pembeni. Imedondoka kipimajoto kikisoma 83. Nimeipenda. Hii ya pili, ya bei nafuu, haina namba yoyote, imedondoka kwenye 71, na nilipoipoza mlango ulibaki wazi kidogo. Ukiifunga hii umerudi palepale pa kutokuwa nayo. Tena haina kile kitundu chenye kipini cha kutolea hewa, kwa hiyo ukijaza maji hewa inaweza kunaswa ndani. Siinunui, na simshauri mtu.

Kitu kimoja kwa mtakaojaribu nyumbani: kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100. Themostati ya 82 hufunguka kabisa kwenye 95 hivi. Usipoiona imefunguka yote ndani ya sufuria, usimrudishie muuzaji, haina kosa.

Bei? Hata hii nzuri haifiki nusu ya bei ya dumu la oili la lita 20. Kuhusu wale wanaoziba mbele ya rejeta kwa boksi au gunia ili injini ipate joto: linasaidia asubuhi, ila saa sita jua limetoka, unapanda mlima na magogo, na umelisahau. Sikubaliani nalo. Pia kuiacha inguruma bure nusu saa haipashi injini ya dizeli. Ipe dakika chache, ondoka taratibu bila mzigo mzito, itapata joto ikifanya kazi.

Unapoifunga, kikopo chenye nta kinaelekea kwenye injini, kitundu cha hewa kinakaa juu, gasketi iwe mpya. Kisha washa na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mbali na feni. Unatakiwa ubaki baridi kwa muda, halafu upate joto ghafla. Ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, muulize fundi wako themostati ameiweka wapi.