Kozi ya parachuti Pwani Kusini: walimu wazuri, vifaa vimechoka

Kwa yeyote wa Mombasa anayefikiria kwenda kusomea kuruka na parachuti huko Pwani Kusini, jibu langu ni nenda, lakini usiuache mdomo nyumbani. Kituo nilichosomea sitakitaja. Walimu wake nawapa nyota 5 bila kusita. Vifaa vyao vya kukodisha wanafunzi nawapa 3, na hiyo ya tatu wameipata kwa sababu ya parachuti ya akiba tu.

Wengi wakisikia habari hizi hufikiria ile ya watalii, unafungwa kifuani kwa mwalimu na kazi yako ni kupiga makelele na kuchekea kamera. Siyo hiyo. Hii ni kozi ya mtu anayetaka kuruka mwenyewe. Mkoba wa parachuti ni wako mgongoni. Mwanzoni walimu wawili wanakushika huku na huku, mnatoka ndegeni mkiwa juu ya futi 10,000, mnaporomoka kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa. Altimita mkononi, ile saa inayoonyesha uko juu kiasi gani, ikisoma futi 5,500 unapunga mikono kuonyesha unataka kufungua, ikifika 5,000 unavuta. Hapo walimu washakuachia, uko wewe na Mola wako. Ukifaulu hatua za mwanzo anabaki mwalimu mmoja, kisha hakushiki mtu.

Masomo ya ardhini yalitangulia, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Tulining'inizwa kwenye mikanda chini ya mwembe, tukionyeshwa picha za parachuti zilizofunguka vibaya, nasi tukitakiwa kujibu kwa mikono na si kwa maneno. Kishikio chekundu upande wa kulia kinaitupa parachuti iliyoharibika, cha chuma upande wa kushoto kinafungua ya akiba. Kwanza uangalie, halafu ushike, ndipo uvute. Tulirudia mpaka mwenzetu mmoja akauliza kama chakula cha mchana kimefutwa. Mwalimu wetu, mzee aliyejifunzia jeshini, alimjibu kwamba huko juu hutakuwa na nafasi ya kukumbuka, utafanya tu kile ambacho mikono imezoea.

Sasa vifaa.

Mwanafunzi huwekewa redio ndogo, na mwalimu aliye chini anamwongoza kutua: geuka kushoto, nyoosha, ngoja, vuta. Yangu ilisema "geuka ku..." ikanyamaza. Nilikuwa na parachuti nzuri juu ya kichwa, bahari upande mmoja, minazi upande mwingine, na kimya. Kilichonisaidia ni ule mchoro tuliokuwa tumeuchora mchangani asubuhi: kwenye futi 1,000 upepo uwe mgongoni, kwenye 600 ugeuke kuukata upepo, kwenye 300 uukabili uso kwa uso na usigeuke tena. Nilitua kwa makalio lakini ndani ya kiwanja. Nilipoirudisha ile redio, kijana wa vifaa akaipokea akicheka: "Hii namba mbili ni korofi, tunaijua." Kama mnaijua, kwa nini imefungwa kichwani mwa mwanafunzi? Hewa ya bahari inakula kila kitu chenye waya, hilo sote tunaoishi hapa tunalijua kwa redio zetu za nyumbani. Kwa hiyo kituo kilicho ufukweni kinatakiwa kubadilisha vitu hivyo mapema kuliko cha bara.

Altimita nayo ni hadithi. Siku nyingine nilipewa moja ambayo sindano yake inakwama. Unaizungusha isome sifuri, inakaa kwingine, ukiigonga kwa ukucha inaruka kwenye sifuri.

"Kaka, hii inakwama."

"Igonge kidogo, itakaa sawa."

"Huko juu nitaigonga saa ngapi?"

Yule mzee alikuwa nyuma yetu akikagua mikanda ya mtu mwingine. Akaja, akaitazama, akaigonga yeye mwenyewe mara mbili, kisha akaitia mfukoni mwake ili asipewe mtu mwingine. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu," akaniambia, na kijana wa vifaa hakumwambia kitu. Nikaletewa nyingine.

Nalitaja hili kwa sababu sisi watu wa Pwani tumefunzwa tangu madrasa kwamba mkubwa hahojiwi, na ukipewa kitu unashukuru. Mwanafunzi mgeni tena, kila mtu pale ana uzoefu kukushinda, utaanzaje kulalamika? Lakini kwenye mchezo huu asiye na adabu ni yule anayenyamaza. Walimu walitwambia wazi kwamba anayeona kasoro kwenye mkoba wake au wa mwenzake na asiseme ndiye watakayemrudisha nyumbani. Tena neno la mwanafunzi wa jana lina uzito sawa na la mwalimu: ukisema leo sipandi, hupandi, na hakuna anayekuuliza sababu mara mbili. Hilo walilitekeleza, nimeliona kwa macho yangu.

Kisa kilichonitoa jasho zaidi hakikuwa cha kifaa kibovu. Parachuti ilifunguka vizuri, nikahisi nazunguka, nikataka kutazama juu, kichwa hakiinuki. Kamba zilikuwa zimejisokota juu yangu kama za ndoo ya kisimani, mikanda ya mabegani imebana nyuma ya shingo, kidevu kiko kifuani. Hutokea hivyo mtu akifungua huku bega moja limelala, au parachuti ikikunjwa bila kusawazishwa. Dawa yake ni kuishika ile mikanda na kuitanua kwa nguvu huku unapiga mateke kinyume cha msokoto. Na jicho lisitoke kwenye altimita, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa awe ameshaamua kabla ya futi 2,500: ama parachuti inaongozeka, ama avute chekundu. Nikapiga mateke. Mzunguko mmoja ukatoka, wa pili, halafu kamba zikafyatuka zote kwa pamoja na nikazungushwa upande wa pili. Futi 3,600. Nikaijaribu: ni ya mraba, inageuka kulia, inageuka kushoto, inapunguza mwendo nikivuta breki zote mbili. Basi, hiyo unatua nayo.

Kuhusu ile nyota ya tatu. Kila mkoba una kadi inayoonyesha parachuti ya akiba ilikunjwa lini na nani. Marekani sheria inataka ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye leseni kila baada ya siku 180, hata kama haikutumika. Nilipoomba kuona kadi ya mkoba wangu nilionyeshwa bila kununiwa, tarehe iko ndani ya muda na lakiri ya fundi haijakatika. Mkobani kuna pia kifaa kinachoifungua ile ya akiba chenyewe mtu asipoivuta, kinaitwa CYPRES, kazi ya Mjerumani Helmut Cloth iliyoingia sokoni mwaka 1991. Kinapima mgandamizo wa hewa, na mtu akiwa bado anaporomoka kwa kasi kubwa akifika kama mita 225 kutoka ardhini, kisu kidogo ndani ya mkoba kinakata kitanzi kinachoifunga na ya akiba inatoka. Huwashwa kila siku palepale kiwanjani ili kijue ardhi iko wapi. Mzee alitufanya tusome kioo chake kila mmoja kwa sauti kabla ya kupanda. Kwenye mambo haya hawafanyi mchezo, na ndiyo maana bado nawapeleka watu.

Adabu za ndegeni utafundishwa, lakini niseme mbili tatu zilizonigusa. Ndani ya ndege ndogo mnakaa sakafuni mmebanana, na kila ukijisogeza unafunika vishikio vyako kwa mikono. Siyo uoga. Mkoba ukifunguka kwa bahati mbaya na mlango uko wazi, kitambaa kinavutwa nje pamoja na mwenyewe, na kinaweza kunasa mkia wa ndege, mkaenda nyote. Kutoka nako kuna zamu: makundi ya wazoefu yanatangulia, kubwa kabla ya dogo, halafu wanafunzi na watalii kwa kuwa wao hufungua juu zaidi. Kati ya kundi na kundi mnahesabu sekunde, hata kama mlangoni upepo unakupiga na unataka kuondoka upesi.

Hewani, aliye chini ndiye mwenye njia. Mgeni mmoja, mzoefu sana, alipita juu ya wanafunzi akikata kona kali karibu na ardhi ili atue kwa mbwembwe. Alitua vizuri, watu wa ufukweni wakampigia makofi. Msimamizi akamwita pembeni, na siku hiyo hakuruka tena, pamoja na pesa zake za kigeni. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Chini, usiruke kamba za mtu zilizotandazwa kwenye turubai, zunguka. Usiguse mkoba wa mwenzio bila kupiga hodi. Na vijana wanaokunja parachuti usiwapigishe soga, akisahau kitu, si yeye atakayeruka na parachuti hiyo.

Desturi ya mchezo huu huko Ulaya na Marekani ni kwamba kila unapofanya jambo kwa mara ya kwanza unadaiwa bia na wenzako. Pale kwetu wakunjaji wengi ni Waislamu, kwa hiyo deni linalipwa kwa kreti ya soda. Mimi nilibeba na viazi karai kutoka mjini. Viliisha kabla sijavua mikanda.

Bei sitataja, wanabadilisha kufuatana na dola, ila jua ni ghali na bima uliza mapema kabla ya kusaini ile karatasi ndefu. Kinachokula subira zaidi ni hali ya hewa. Upepo ukizidi kama kilomita 22 kwa saa mwanafunzi anabaki chini, na miezi ya kusi unaweza kukaa kutwa nzima ukitazama wengine wakiruka. Maji nayo: bamvua likijaa ufukwe unakuwa mwembamba na wanafunzi hawaruhusiwi. Koti la kuelea ni lazima. Kabla hujalivaa, lifungue uone kama kichupa cha gesi ndani ni kizima au kilishatumika.

Kutoka kisiwani, vuka Likoni na feri ya alfajiri au uzunguke Dongo Kundu kama una gari, maana saa za asubuhi ndizo upepo umetulia. Vaa viatu vya kamba. Na lipia hatua kwa hatua, usitoe pesa ya kozi nzima kwa pamoja, kwani kusi likikaza pesa yako itakaa kwao mpaka kaskazi irudi.