Uzoefu wangu na sindano za kupimia sukari: zamani moja kwa mwezi, sasa moja kila asubuhi

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wa sita nina sukari. Sindano ya cherehani ikianza kuvuta nyuzi za kitambaa naitoa papo hapo, hata kama mteja amesimama mlangoni. Lakini zile za kutoboa kidole, zilizokuja 10 pamoja na mashine, moja ilikuwa inanipeleka mwezi. Aibu yangu.

Dukani nilionyeshwa pa kuingiza kibanzi, yaani kile kijiti bapa kinachopokea damu, na pa kugusisha damu, basi. Karatasi ya ndani ya boksi ilisema sindano ni ya kutumia mara moja, ila kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Na kwenye benchi la kliniki ukiulizia, kila mtu ana kalenda yake: huyu kila wiki, yule mpaka ianze kuuma, na mzee mmoja alikiri yake ni ya tangu Ramadhani.

Kilichonizindua si maumivu, ni vibanzi. Kalamu yangu ya kutobolea, ile inayoshika sindano, ina namba za kina, 1 mpaka 5. Nilianzia 2. Sindano ikazeeka nikapanda 3, kisha 4, na bado damu inachungulia tu kama jasho. Nakamua, nagusisha, mashine inaandika kosa. Kibanzi hicho kimekwenda, toa kingine. Asubuhi moja niliharibu 3 mfululizo, nikaketi kupiga hesabu: kwa bei za duka langu, kibanzi ni shilingi 1,500, sindano 150. Nilikuwa nabania 150 huku natupa 1,500! Tena hata kibanzi kikikubali, kidole ulichokikamua sana kinatoa damu iliyochanganyika na majimaji ya mwilini, na namba yake si ya kutegemea.

Siku hizi nafungua mpya kila asubuhi na kina kimerudi 2. Najua inatakiwa mpya kwa kila kipimo. Siku ninayopima tena jioni narudia ile ya asubuhi. Sijisifu kwa hilo, nasema ukweli wangu.

Kwa unene wa sindano natumia namba 30. Mafundi wenzangu hapa watachanganyikiwa, maana kwenye cherehani sindano ya 16 ni nene kuliko ya 11, lakini hizi zinakwenda kinyume: 33 ni nyembamba kuliko 28. Nilijaribu 33, sikuhisi kitu, ila vidole vyangu vimekomaa kwa mkasi na damu ikawa haba. Natoboa ubavuni mwa kidole, kwa sababu ncha ndiyo ninayopapasia kitambaa, na hubadilisha vidole kwa zamu.

Lawama ninayo moja. Kofia ya plastiki unatakiwa uinyonge ing'oke, lakini katika boksi langu la mwisho kadhaa zilikuwa zimeng'ang'ania, ukilazimisha sindano inapinda. Halafu si kila sindano inaingia kila kalamu. Nenda dukani na kalamu yako mkononi, ujaribishe kabla hujalipa.

Nyumbani hizi sindano zimeniletea ugomvi. Shemeji yangu akija jioni alikuwa ananyoosha kidole: "Shemeji, nitoboe na mimi nijue yangu." Nilikuwa namwekea sindano mpya nikidhani yamekwisha. Muuguzi ndiye aliyenishtua kwamba damu hubaki hata kwenye mdomo wa kalamu, na homa ya ini ya B haihitaji nyingi. Nikamwambia shemeji kalamu ni kama mswaki, aende kituo cha afya akapimwe. Alininunia wiki mbili. Lakini alikwenda.

Zilizotumika nilikuwa nazitupa pamoja na vipande vya vitambaa, mpaka kijana ninayemfundisha kazi alipochomwa akifagia, tukaenda naye kituoni mbio. Sasa natia kwenye dumu gumu la sabuni ya maji lenye kifuniko, nalo likijaa nalipeleka huko huko. Juzi muuguzi alilitikisa, akalisikiliza, akaniuliza: "Mama, kwenu mnajipima wangapi?"

Nikamwambia ni mimi peke yangu.