Kilovoti 33 au 132: umeme wa Hale kufika Tanga mjini

Mitambo ya Hale, kwenye Mto Pangani, ina uwezo wa megawati 21. Chukua megawati 20, uzipeleke Tanga mjini. Utazisafirisha kwa msongo, yaani msukumo wa umeme, wa kilovoti 33 au 132?

Kwa 33, kila waya kati ya mitatu utabeba ampia 350 hivi. Kwa 132, ampia 87 au 88 tu. Nguvu ni ileile. Msongo ukipanda, mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita wayani, unashuka. Na kinachochemsha waya ni mkondo, tena kwa mraba wake: ukipungua mara 4, umeme unaopotea kama joto unapungua mara 16. Tuseme kila waya una ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa omu 10. Njia ya 33 itamwaga karibu megawati 3.7, ya 132 itapoteza 0.23. Megawati tatu na ushei zinapasha hewa juu ya mashamba ya mkonge! Inauma.

Ya 33 ina nafuu yake: nguzo za miti, vikombe vichache vya kuzuia umeme usipite kwenye nguzo, transfoma za bei ya chini. Kwa vijiji vya Muheza inatosha kabisa. Ya 132 kwa kawaida inadai minara ya chuma au nguzo ndefu, njia pana iliyofyekwa na mikufu mirefu ya vikombe. Simama chini yake asubuhi ya manyunyu, utaisikia ikivuma kama nyuki mzingani. Kwa safari hii nachagua 132, kisha kituo cha kupoza umeme kiushushe mjini, na transfoma ya mtaani imalizie kwa volti 230 za nyumbani.