Kituo cha skii kwa anayeanza: tazama lifti kwanza, kilomita baadaye

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na vituo vya skii huvutia kwa kilomita. Les Trois Vallées ya Ufaransa hujinadi kwa kilomita 600 za njia za kuteleza, na jirani yake Paradiski kwa 425. Anayeanza hulipia pasi, yaani tiketi ya lifti, ya eneo lote hilo, halafu siku tatu za mwanzo anazimalizia kwenye mteremko mmoja mfupi, panda shuka, panda shuka. Cha ajabu ni kwamba kinachomtoa jasho ni kule kupanda kwa lifti, yaani mitambo inayopandisha watu mlimani.

Yalinikuta. Asubuhi ya kwanza nilijifunza kusimama na kufunga breki vizuri tu, kisha tukapelekwa kwenye lifti ya kuburura, ile inayokuvuta ukiwa umesimama kwenye skii. Nilianguka mara tano. Mara ya tano nilimwangusha na mtoto aliyekuwa nyuma yangu; akainuka, akajikung'uta, akanipita kama gogo la njiani. Kituo chenyewe kilikuwa kizuri, ila mwanafunzi hakuwa na njia nyingine ya kupanda. Tangu siku hiyo silipii chumba kabla sijafungua ramani ya mlima na kuona mteremko wa wanaoanza unahudumiwa na lifti ya aina gani.

Lifti, kuanzia rahisi hadi ngumu

Ya kwanza ni zulia, yaani mkanda mpana unaotambaa juu ya theluji. Unaukanyaga, unasimama wima, unafikishwa juu. Kituo kisicho na zulia hata moja kiondoe kwenye orodha yako.

Ya pili ni gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma. Unavua skii, unaingia kwa miguu, unakaa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kushuka nayo pia, jioni miguu ikiwa haina nguvu tena.

Ya tatu ni lifti ya viti, na hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Ya kwanza duniani ilijengwa Sun Valley, Idaho, Marekani, mwaka 1936. Mhandisi James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific alipata wazo lake kwenye mitambo ya kulabu iliyokuwa ikipakia mikungu ya ndizi melini. Akaondoa mkungu, akaweka kiti. Ukikumbuka hilo unapopakiwa, woga hupungua.

Viti ni vya namna mbili. Vya zamani vimebanwa kwenye kamba moja kwa moja, kwa hiyo kiti hukujia kwa mwendo uleule wa njiani, kama mita mbili na nusu kwa sekunde, na kinaweza kukugonga nyuma ya magoti. Vya kisasa hujiachia kwenye kamba vinapoingia kituoni, vikatembea polepole, kisha vikajishika tena na kukimbia kama mita tano kwa sekunde. Kituo cha Breckenridge, Colorado, kilisimika vya watu wanne vya namna hiyo mwaka 1981. Kwa hiyo lifti inayosifiwa kwa kasi ndiyo iliyo rahisi kwako kupanda na kushuka. Kwenye tovuti ya kituo, tafuta inayoitwa ya kujiachia (kwa Kiingereza, detachable).

Namna ya kuipanda: shika fimbo zote mbili kwa mkono mmoja, begi la mgongoni lihamishie kifuani, sogea hadi kwenye mstari mara tu kiti kilichotangulia kikipita, geuza shingo ukitazame chako kikija, kisha kaa. Waambie wenzako kabla ya kuteremsha chuma cha kinga, kisije kikawapiga kichwani. Ukikaribia juu, fungua kinga, inua ncha za skii, na miguu ikigusa theluji simama uache mteremko ukusukume. Usisimame hapo kushangaa mandhari, maana kiti kinachofuata kina watu. Ukishindwa kushuka, usiruke: endelea kukaa, lifti itasimamishwa. Na kabla ya kupanda mwonyeshe mhudumu kwa ishara ya mkono kwamba unataka ipunguzwe mwendo. Ni kazi yake, wala hakuna atakayekucheka. Pengine yule mtoto niliyemwangusha tu.

Ya mwisho ni ya kuburura: kisahani kinachokaa katikati ya mapaja, au ufito wenye umbo la T unaovuta watu wawili kwa pamoja. Kosa la kila mgeni ni kutaka kukaa. Ukikaa, kamba inarefuka na wewe unakwenda chini. Simama, legeza magoti, skii zote zitazame mbele ndani ya mfereji, uache ukuvute. Kisahani kina mshtuko wa kuanzia, ujiandae. T ni bora uipande na mtu mnayelingana kimo, la sivyo itamshika mmoja kiunoni na mwingine magotini. Ukianguka, achia, ujiviringishe kando upesi. Kwa wenye ubao wa theluji, wanaosimama kiubavu, hii ni adhabu tupu.

Vituo, kwa mpangilio wangu

1. Alpe d'Huez, Ufaransa. Kijiji kiko mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, na juu yake tu kuna uwanda mpana wa njia za kijani, yaani zile rahisi kuliko zote, laini kweli. Unafunga skii karibu na mlango, hakuna basi. Ni huku huku Jean Pomagalski, ambaye jina lake lilizaa kampuni ya lifti ya Poma, alijenga lifti ya kuburura miaka ya 1930, kwa hiyo ukianguka unaangukia kwenye historia. Kasoro yake ni saa za alasiri, wataalamu wanaporudi nyumbani kwa kasi wakipitia kwenye uwanda huohuo. Maliza mapema.

2. Alpe di Siusi, Italia. Ni uwanda wa malisho ulio juu katikati ya milima ya Dolomiti, miteremko yake mirefu na ya upole, na mandhari ambayo hata asiyeteleza atafurahia. Mtaalamu atachoka siku ya pili. Sababu pekee ya kuiweka ya pili ni kwamba ukilala bondeni kila siku huanza na gondola.

3. La Plagne, Ufaransa. Vijiji vyake vya juu viko karibu mita 2,000, theluji ni nadra kukosekana, na njia za bluu, zinazofuata zile za kijani kwa urahisi, ni nyingi. Chagua kijiji kabla ya kituo: vile vya bondeni viko mbali na miteremko unayoihitaji.

4. Soldeu, Andorra. Walimu wanaofundisha kwa Kiingereza ni wengi na wanasifika. Eneo la wanaoanza liko juu, unapanda na kushuka kwa gondola.

Obergurgl ya Austria, mita 1,930, ingeingia kwa theluji yake ya uhakika, lakini ni ghali.

Chamonix iache kwa sasa. Jina ni kubwa, ila miteremko ya kujifunzia imetawanyika bondeni na utaishi kwenye basi. Val d'Isère nayo ina kijani ambayo kwingine ingepakwa bluu, na njia za kurudi kijijini zimewaliza wengi. Bansko, Bulgaria, ni nafuu kweli, lakini foleni ya gondola asubuhi hula muda uliolipia.

Kuhusu rangi, Ufaransa huanza na kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanza na bluu. Marekani hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi. Kila kituo hupaka rangi kwa kulinganisha njia zake chenyewe, kwa hiyo bluu ya huku si bluu ya kule.

Pasi

Usinunue pasi ya eneo zima siku ya kwanza. Vituo vingi vina pasi ya wanaoanza yenye lifti chache kwa bei ndogo, na vingi vya Ufaransa huacha lifti za mteremko wa kujifunzia bure kabisa. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: pasi hiyo inaweza kupandishwa daraja katikati ya wiki kwa kuongeza tofauti tu? Na gondola ya kushukia imo? Fedha utakayookoa ipeleke kwa mwalimu, hasa masomo ya asubuhi, kabla theluji haijalainika na foleni haijajaa. Wiki za likizo za shule za Februari ziepuke kama una hiari. Lifti rahisi kuliko zote huwa ngumu ukiwa na watu mia nyuma yako.