Jumba la kale Kiponda lililogeuzwa hoteli: kuta nawapa maksi zote, mabafu hapana

Ntaanza na ukuta, kitanda baadae. Hoteli yenyewe ipo Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja, jina siliweki kwasababu yapo ntayasifia na yapo ntayasema vibaya na sitafuti ugomvi na mtu. Usiku mmoja laki tatu na ushee, kwa Mbongo wa kawaida hiyo ni hela jamani, kwahiyo nimeikagua kifundi, ujenzi ndo kazi inayonilisha.

Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, ukuta mnene nusu mita na zaidi, halafu dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko inagota kwenye mita tatu hivi, ndomana vyumba vya kule vyote vyembamba na virefu, watu wanalalamika kwamba chumba kimebana wanamlaumu mwenye hoteli, mlaumuni mkoko. Sasa ukuta wa aina hii unavuta unyevu na kuutoa, chokaa inaupitisha. Ukiupiga lipu ya simenti unyevu unabaki ndani na chumvi yake, misimu ya mvua ikipita kidogo tu lipu inavimba, inadondoka, na inaondoka na vipande vya jiwe. Na ukichomeka nondo humo ndo kabisa, chumvi inaipa kutu, kutu inavimba, ukuta unapasuka. Na bado kuna watu wananunua jumba la miaka mia na hamsini wanalipaka simenti kuanzia chini mpaka juu afu wanaandika mlangoni "urithi".

Hawa hawakufanya hivo, nawapa haki yao. Nilipitisha kiganja ukutani kikatoka na unga mweupe, nikacheka peke yangu, ile ni chokaa ya kweli. Saa saba mchana jua la Unguja linavojua kuchoma, chumbani nimezima kiyoyozi na sisikii joto. Vidaka vya ukutani wameviacha hawakuviziba, kimoja wameweka taa, kingine mtungi. Boriti zilizooza wamezitoa wakaweka mpya na hawakuzipaka rangi zifanane na za zamani, unaziona kabisa hii ya juzi hii ya babu, na mimi hiyo naipenda kuliko uzee wa kuigiza.

Nje kuna baraza na pana mzee wa mtaa anakaa hapo jioni na kahawa yake, nikamsalimia nikakaa. Nikamuuliza hii nyumba ilikuwaje kabla. "Mwanangu, hapa wakikaa watu chungu nzima, kila chumba familia yake, juu kule dari lishaanguka, mvua ikinyesha hulali." Na ndo historia ya majumba mengi ya pale, baada ya Mapinduzi ya 1964 matajiri wengi waliondoka, serikali ikachukua nyumba ikapangisha watu, kodi kidogo mno, na kodi kidogo haitengenezi paa. Mvua ikaingia juu, boriti zikaoza, ghorofa ya juu ikaangukia ya chini. Mpaka mwaka 2000 UNESCO wanauweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, majumba kibao yalikuwa hoi. Nikamuuliza mzee zile familia ziko wapi saiv, akasema wengine Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, wengine shamba, wengine hajui. Akaendelea na kahawa yake. Hoteli wameweka picha za nyumba ilivyokuwa gofu pale risepsheni, nzuri kweli, ila hamna hata picha moja yenye mtu.

Haya mabafu sasa.

Hizi nyumba zinauliwa na maji. Watu wanafikiria ni uzee, hapana, ni maji, ya mvua kutoka juu na ya bafu kutoka ndani. Jumba lilijengwa likiwa na choo kimoja viwili, leo unaliwekea vyumba kumi na viwili kila kimoja na bafu lake, shawa, choo cha kukaa na beseni, juu ya dari la boriti na chokaa ambalo likilowa linaoza kimya kimya. Inawezekana kulifanya vizuri, unaziba sakafu sawasawa, mabomba unayapitisha sehemu moja kutoka juu mpaka chini mahali unapoweza kuyafikia, unaweka kizingiti maji yasitoke. Bafu langu halikuwa na kizingiti. Ukioga maji yanatembea taratibu yanakwenda mlangoni, yanapita chini ya mlango yanafika kwenye mkeka. Na ukuta wa nyuma ya shawa, upande wa chumbani, una doa la ukubwa wa sinia, lipu imevimba, ukigonga kwa kidole inaitika tupu. Nikamwita kijana wa risepsheni, mpole sana, akaniambia "dada, hiyo chumvi ya bahari tu, kila mwaka tunapaka upya." Mdogo wangu, bahari haipo nyuma ya shawa.

Sisemi haya kwa roho mbaya. Beit al-Ajaib, yani Jumba la Maajabu, jengo la Sultani Barghash la 1883, upande wake ulianguka siku ya Krismasi 2020, mchana, katikati ya ukarabati, na mafundi wakafa. Kwahiyo doa la ukutani pale Mji Mkongwe mimi silichukulii kama urembo.

Na jambo lingine limenikera, ule mlango. Mlango mkubwa wa mbao, fremu yote imechongwa mnyororo unaozunguka, chini samaki, kazi ya mkono wa mtu, afu wameutoboa tundu la mraba wakaweka kitasa cha kadi! Kuna njia mia za kufunga mlango wa zamani bila kuutoboa. Tena kadi yenyewe umeme ukikatika inasumbua mpaka waje na funguo.

Kwamba hii kazi inawezekana mifano ipo hapo hapo. Hoteli ya Emerson on Hurumzi ni jumba la Tharia Topan, yule tajiri Mhindi wa enzi za masultani, na hoteli ya Serena pale Shangani lilikuwa jengo la mawasiliano ya simu. Sizungumzii bei zao, nasema tu majengo yamebaki majengo.

Chai ya asubuhi ni juu kwenye paa, unaona mabati yenye kutu mpaka mwisho wa macho, minara ya misikiti, na ile miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph. Mkate wa ufuta wa moto, maharage ya nazi, chai ya viungo, sina neno. Kahawa waliyonipa ni ya unga wa kopo, Unguja! na mzee wa barazani chini anakunywa ya maana. Wafanyakazi wazuri, hawakimbilii wazungu wakakuacha wewe umesimama na begi, na hilo kwa hoteli zetu si dogo. Maji yalikatika alfajiri, simtanki lilikuwa tupu, wakaleta ndoo na samahani nyingi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano, wakitengeneza mabafu ntarudi nipandishe. Ukienda omba chumba cha ghorofa ya kwanza upande wa uani, kina hewa na kipo mbali na jenereta, kabla hujapokea kadi gonga ukuta wa nyuma ya shawa usikilize, na viatu vya visigino acha nyumbani maana zile ngazi ni ndefu hatua kwa hatua na kamba ya kushikilia ni moja tu.