Mwaka mmoja katika chekechea ya ushirika wa wazazi

Binti yangu amemaliza mwaka mmoja katika chekechea ya Mombasa inayoendeshwa kwa ushirika na wazazi wenyewe, ambayo hufuata mtindo ulioanzishwa mjini humo katika miaka ya 1980 na mpango wa madrasa wa Wakfu wa Aga Khan, uliokuja kuenea hadi Zanzibar na Uganda.

Darasa limegawanywa katika pembe za vitabu, za kujenga kwa vipande vya mbao, za mapishi na za duka. Katika pembe ya duka nilimwona mtoto wa miaka 4 akipima mchanga kwa kifuu na kumdai mwenzake vizibo vitano vya soda. Alipopewa vinne, alivihesabu mara mbili, kisha akakataa katakata kutoa bidhaa. Mwalimu hakuamua ugomvi huo, bali aliuliza tu vimepungua vingapi. Kwa maoni yangu, swali hilo linashinda kurasa nzima za kunakili tarakimu.

Kasoro zipo. Zamu za wazazi za kusaidia darasani huwabana walioajiriwa, na wanaozikwepa huwaachia mzigo watu wale wale. Uwanja nao ni finyu, na ifikapo saa nne kivuli cha mwarobaini mmoja hakiwatoshi watoto wote.

Anayetaka daftari lililojaa herufi hataridhika hapa. Mama mkwe wangu bado analalamika, ingawa mjukuu wake humhesabia vitumbua sahanini bila kukosea. Januari nitamrudisha binti yangu hapa.